Burulcha na skii nyekundu alizokataliwa mara tatu

Saa mbili asubuhi, na jua bado halijavuka misonobari ya mlima wa Karakol. Burulcha Asanalieva anasimama kando ya hema lake la kupikia, skii moja mkononi, na kuitazama kama mtu anayetazama nyama ya jana sokoni.

Anapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma. Anaikunja kidogo kwa goti. Anainamisha sikio.

"Nasikiliza," anasema bila kuinua kichwa. "Kitu kibovu hakikosi kusema. Watu ndio hunyamaza."

Kisha anazivaa zote mbili, anakaza mkoba uliobeba unga wa maandazi ya boorsok, na kushuka kuelekea hema la pili la kupikia, lililo chini zaidi, kwa mikato mipana, polepole, huku akitazama nyuma mara mbili.

Burulcha ana miaka arobaini na mmoja. Majira yote ya theluji huwapikia wateleza-theluji supu ya tambi na chai, juu kabisa vinapoishia viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Ujira wake ni som elfu moja na mia tano kwa siku, na siku ya dhoruba hakuna ujira.

Zamani alipanda kwa viti na kushuka kwa viti. Miaka mitatu iliyopita upepo ulisimamisha viti jioni, na yeye akabaki juu na sufuria zake. Alishuka kwa miguu, theluji ikimfika kiunoni, huku vijana wakimpita kwa skii kama ndege.

"Nililia kwa hasira, si kwa woga," anakumbuka. "Mlimani nafanya kazi mimi, halafu wageni ndio wanaujua!"

Wiki iliyofuata alikodi skii na kuanguka mpaka akazoea. Leo si mgeni wa mlima, wala si bingwa. Njia zilizolainishwa na mashine anazimudu. Kwenye theluji nene msituni bado anabahatisha.

Tatizo likawa skii za kukodi. Leo anapewa ndefu, kesho fupi. Mwaka huu akaamua kununua zake za kwanza, za aina wanayoiita ya mlima mzima: zisizoteleza ovyo asubuhi njia ikiwa ngumu kama kioo, na zisizozama mchana akikatiza kwenye miti.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza, na kwa Burulcha mashaka hayahitaji kubembelezwa. Majirani humwita Mpelelezi. Hanunui yai bila kulitikisa.

Shemeji yake, Ermek, mdogo wa mumewe, huongoza watalii mlimani. Ndiye aliyempa habari.

"Shemeji, kwa fundi Kubat kuna skii nyekundu, acha kabisa!" alimwambia. "Pana, ndefu, zina picha ya chui wa theluji. Ukizivaa hizo, hata kaka atakuogopa."

Kubat ni fundi wa skii mwenye umri wa miaka sitini hivi. Karakana yake ni kontena karibu na soko, na ndani huuza pia skii ambazo watu humwachia awauzie. Burulcha alizikuta nyekundu zimesimama ukutani, zinang'aa.

"Hizo sikuuzii," Kubat alisema kabla hajaulizwa bei.

"Kwa nini?"

"Ni ndefu, zinakupita kichwa. Ni ngumu, zinataka mtu mwenye nguvu na mbio. Wewe bado unajifunza kugeuka, mwanangu. Chukua hizi."

Akamtolea jozi ya kijivu, iliyochubuka ubavuni. Ilimfika puani. Kubat alibonyeza ncha, ikakubali. Akabonyeza katikati, ikakaza. "Mbele laini, ikusamehe ukikosea. Chini ya mguu imara, ikushike. Upana wa kadiri. Unataka nini tena?"

Burulcha alitaka kujua kwa nini mfanyabiashara anakataa fedha.

"Nyekundu unamwekea nani, mzee Kubat? Matajiri wa jiji la Almaty? Mpishi hafai kuvaa chui?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa macho."

Alirudi nyumbani amefura. Ermek alitia kuni motoni. "Huyo mzee anakubania, shemeji. Anataka kuondoa mtumba wake wa kijivu. Komaa naye!"

Akakomaa. Alikwenda mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu alimkuta Kubat akinywa chai. Mzee hakuinuka hata kumkaribisha.

"Mwanangu, nimeshasema. Zile, hapana."

"Basi niambie sababu ya kweli."

Kubat akatazama bakuli lake la chai. Muda huohuo mteja akagonga mlango, na mzee akatoka nje kumsikiliza.

Burulcha hakungoja. Aliilaza skii moja nyekundu chini, akapiga goti, akaibonyeza katikati kwa nguvu zote. Ikatoa sauti ndogo: kra.

Akaibonyeza tena. Kra. Sauti ilitoka chini ya picha ya chui. Akaibandua pembe ya picha kwa ukucha, na chini yake akaona ufa uliokata skii upande hadi upande, umejazwa gundi na kusuguliwa vizuri.

Kubat aliporudi alimkuta ameishika skii hiyo kama rungu.

"Ulitaka kuniua, mzee?"

"Nimekukatalia mara tatu!" Kubat alifoka. "Anayetaka kukuua hukukatalia? Hata bei sikukutajia!"

"Kwa nini hukuniambia imevunjika?"

"Mwenye skii aliniomba nisiseme. Nilimwambia aje azichukue, hakuja. Na mimi sitii ulimi wangu kati ya ndugu."

"Ndugu wa nani?"

Mzee akashusha pumzi. "Muulize anayekusukuma uzinunue."

Burulcha anasema hakuhisi hasira mara moja. Alihisi baridi, kama maji yaliyoingia ndani ya buti. Miaka yote alikuwa akishuku wachuuzi, madaktari, madereva. Ndani ya nyumba yake hakuwahi kutikisa yai.

Jioni familia ilipokaa kula, alimwekea Ermek bakuli lake kama kawaida. Kisha akaweka mezani ile picha ya chui, aliyokuwa ameibandua yote kwa Kubat.

Ermek akaacha kutafuna.

"Niligonga jiwe nazo mwaka jana," alisema. "Nikaziba. Sikudhani ni jambo kubwa. Wewe unateleza taratibu tu, shemeji, kwenye njia za watoto..."

"Wewe ulidhani nateleza taratibu. Na mimi nilidhani nina shemeji."

Mumewe, Mairambek, aliinuka na kutoka nje. "Angebaki, angempiga," Burulcha anasema.

Asubuhi Ermek alikwenda kwa Kubat akazichukua skii nyekundu, akazikata vipande viwili viwili kwa msumeno mbele ya kontena, watu wakitazama. Alikubali kuzungumza na mwandishi huyu kwa maneno machache tu. "Niliogopa hasara kuliko nilivyomwogopea yeye. Hilo ndilo linaniuma."

Burulcha alinunua za kijivu, lakini si kabla ya kumsumbua Kubat nusu ya siku. Alizibonyeza, akazigonga, akaamuru vikamatio vya buti vifunguliwe na kufungwa upya kwa uzito wake. Mzee anacheka sasa akikumbuka. "Alinusa hadi nta niliyozipaka chini!"

Siku ya kwanza alizijaribu kwenye njia ngumu ya asubuhi. Zikashika. Mchana akaingia kati ya misonobari, penye theluji laini. Alikosea kugeuka, akajua anaanguka, na hakuanguka.

"Zilinisubiri," anasema. "Za kukodi hazikuwahi kunisubiri."

Je, sasa anamwamini Kubat? Burulcha anafikiri huku akikoroga supu. "Nusu," anajibu. "Nusu nyingine naipeleleza."

Na Ermek? Wameshaanza kusalimiana. Chakula anampakulia, chai anamtilia. Lakini Ermek akimsifia kitu, Burulcha hukigeuza kwanza aone upande wake wa chini.

Sasa anawafundisha wapishi wenzake wawili kuteleza. Mwezi ujao, theluji ikituama, wanakusudia kushuka pamoja upande wa msituni hadi mtoni, njia ambayo yeye hajawahi kuigusa. Ermek, anayeijua kuliko wote, ameomba awaongoze, na Burulcha amekubali kwa sharti moja.

"Atatangulia peke yake," anasema Burulcha, akifunika sufuria. "Sisi tutasimama juu tumtazame. Akifika chini mzima na kutupungia mkono, tutamfuata. Na mkono wenyewe nitautazama vizuri."