Mhamishaji nyumba na stesheni iliyogoma kuondoka

Upepo umetulia leo, jambo lisilotokea mara nyingi huku uwandani, na Leona Weisbrod hataki bahati hiyo impite. Amejilaza kifudifudi chini ya stesheni kuukuu ya treni, ya mbao, katika mji wa Vandine, tochi mdomoni, anategesha jeki ya mwisho. Kinachoonekana nje ni buti zake tu.

Nusu ya mji imekuja kutazama, kila mtu na kiti chake.

"Leona, uko hai huko?" anauliza kaka yake, Gus, kutoka kwenye usukani wa lori.

"Niko hai. Siku nikifa utajua, maana hakuna atakayekugombeza."

Leona, mwenye umri wa miaka 58, anahamisha nyumba. Si vitanda na makabati, ni nyumba yenyewe, na paa lake na madirisha yake. Anaiinua kwa jeki, anapitisha mihimili ya chuma chini yake, anaifunga magurudumu, kisha anaivuta taratibu mpaka inakotakiwa.

Ni kazi ya ukoo. Reli ilipoingia uwanda huu, ilipita mbali na Vandine ya kwanza. Wakazi hawakulia. Walizipandisha nyumba zao juu ya magogo, wakafunga farasi, wakaufuata mji kwenye reli. Baba wa babu yake Leona ndiye aliyewaongoza. Inasemekana wanawake waliendelea kupika ndani, na supu haikumwagika.

Siku hizi kazi ni haba. Mwaka jana alihamisha nyumba tatu tu. Siku nyingine huendesha basi la shule lenye watoto tisa.

"Watu wanahama wao, nyumba wanaziacha," anasema. "Mimi nilijifunza kinyume chake."

Treni ya mwisho ilikwisha kupita zamani. Sasa kampuni yenye reli inang'oa chuma chake ikauze, na kila kilicho juu ya ardhi yake lazima kiondoke kabla ya mwezi kwisha. Kitakachobaki kitapondwa.

Vandine inaitaka stesheni hiyo, tena si kwa kumbukumbu. Duka pekee la vyakula liliangukiwa na paa wakati wa mvua ya mawe, na mwenyewe akakata tamaa. Kufuata mkate ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Wakazi walichanga wakamwaga msingi wa zege kwenye barabara kuu. Fedha za kujenga juu yake hazikupatikana, lakini stesheni ipo, na paa lake ni zima.

Kwa Leona jambo hili linaanzia nyumbani. Mama yake, Ottilia, ana miaka 86 na macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari. Bila duka, itabidi apelekwe kwenye makao ya wazee mjini.

"Nimemwambia nitakwenda," anasema Ottilia, blanketi magotini na kikapu cha maandazi ya nyama na kabichi miguuni. "Nikiwa nimebebwa. Ndani ya sanduku."

"Mama, watu wanakula," Leona anasema kutoka uvunguni.

"Basi wale. Nimewakataza?"

Leona anapiga mluzi. Gus anawasha pampu lorini, na jeki zinaanza kusukuma. Pembe ya kwanza inanyanyuka, ya pili inafuata, na ya tatu. Ya nne haisogei. Mbao zinalia, na ufa unakimbia ukutani juu ya dirisha la kukatia tiketi.

"Shusha! Gus, shusha!"

Jengo linarudi chini kwa mguno. Hakuna anayetafuna tena. Leona anatoka uvunguni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kuna kitu kinaishikilia," anasema. "Tukilazimisha, itapasuka vipande viwili."

Ottilia anaangua kicheko.

"Si waliifunga!"

"Nani waliifunga, mama?"

"Babu zenu. Baba mkwe wangu alinisimulia nikiwa bibi harusi mpya huku, nikadhani ni porojo zake. Hakuna afungaye mlango vizuri kama mwizi."

Kila mtu hapo anaijua sehemu ya kwanza ya habari hiyo. Stesheni hii haikujengwa Vandine. Ilijengwa Bluford, mji wa jirani, maili kumi na moja kutoka hapa. Majira fulani ya baridi, ardhi ikiwa imeganda kama jiwe, wanaume wa Vandine waliipandisha kwenye sleji, yale magari ya kuteleza juu ya theluji, wakaivuta mpaka kwao. Huku watu husema iliazimwa. Bluford wana neno jingine.

Sehemu ya pili ilikuwa imesahaulika. Wakiogopa Bluford wasije kuichukua, babu hao walizika kipande cha reli chini ya pembe ile, wakakikaza kwenye mbao za sakafu kwa bolti nene kama kifundo cha mkono.

Gus anachimba, na kweli, reli hiyo hapo. Bolti zimeshikana na kutu, spana haina la kufanya. Inatakiwa mitungi ya gesi ya kukatia chuma, na fundi aliyeizoea. Fundi huyo yupo. Anaitwa Emmett Tripp, amestaafu kazi ya reli, na anakaa Bluford.

"Afadhali ipondwe," ananong'ona Delbert Kuhn, mkulima wa ngano, "kuliko kuwapigia simu wale."

"Delbert, kiburi kinapakwa siagi kikaliwa kama mkate?" Leona anamuuliza. "Basi nipe simu hiyo."

Tripp alifika kabla ya saa sita mchana na wazee wenzake watatu, mitungi ya gesi, na kamba ndefu ambayo hakuna aliyeiomba.

"Tumekuja kuchukua stesheni yetu," alitangaza.

"Mmechelewa, mzee," Leona alimjibu. "Karibu miaka mia."

"Tulikuwa tunajipanga."

Alipokwisha kucheka alivaa miwani yake, akaingia uvunguni. Kabla ya kuwasha moto aliuliza stesheni itauza nini.

"Mkate, maziwa, mayai. Vitu vya watu."

"Na sisi wa Bluford tutaruhusiwa?"

"Si mna duka lenu?"

"Lilifungwa kabla ya la kwenu, binti."

"Hatukujua."

"Hamkuuliza."

Leona alimshikia tochi. Cheche ziliruka, Gus akazimwagia maji, na bolti ya mwisho ilipokatika stesheni ilishusha pumzi, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

Jeki ziliposukuma tena, pembe zote nne zilipanda pamoja. Jioni jengo lilikuwa limevutwa mpaka juu ya msingi wake wa zege, likingoja kushushwa, ndipo Leona alipomwamuru Gus aligeuze. Mlango mkubwa ulipangwa utazame maghala ya ngano. Yeye alitaka utazame barabara ya Bluford.

"Hatukukubaliana hivyo!" Delbert alilalamika.

"Utaingia kwa mlango mdogo, Delbert. Wewe si mnene."

Tripp hakutaka malipo. Alikula maandazi manne ya Ottilia, akapakia kile kipande cha reli kwenye gari lake. "Ushahidi," alisema, akaondoka.

Leona anatumaini rafu zitakuwa zimejaa kabla ya theluji, na kwamba mteja wa kwanza atakuwa mama yake, kwa miguu yake mwenyewe. Ufa ule juu ya dirisha ameuziba. Lakini mihimili ya chuma hajaiuza wala hajaipeleka nyumbani. Ameilaza nyuma ya stesheni, chini ya turubai.

Anaulizwa kama safari hii ameifunga chini.

"Nimeiweka tu, ikae kwa uzito wake," anasema, akijifuta grisi mikononi. "Duka likishindwa hapa, nitaiinua niipeleke Bluford. Njia inaijua."