Mashine Isiyoona Nyekundu

Mimi ndiye niliyeichagua ile mashine. Nalisema mapema, kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri ya kujitetea, kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi nitaulaumu umeme wa Kalemie, mji wetu wa ziwani, nitaulaumu mradi, nitamlaumu hata mzee mwenyewe. Lakini mashine niliichagua mimi, kwa akili zangu timamu, na kwa sababu yake mzee mmoja aliacha kuandika.

Tulikuwa na mradi mdogo wa kuandikisha watoto waliozaliwa vijijini bila karatasi ya kuzaliwa. Katika kila kijiji mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri alijaza fomu, moja kwa kila mtoto: jina, siku ya kuzaliwa, baba, mama. Fomu zikitufikia mjini zilipita kwenye skana, kompyuta ikasoma maandishi, na orodha ikapelekwa kwa wakubwa watie sahihi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua vyombo: kompyuta gani, skana gani, betri gani ya kutuokoa umeme ukikatika.

Kompyuta haikunisumbua. Nilitaka yenye memori kubwa, na yenye kuvumilia joto na vumbi letu, basi. Skana ndiyo iliyonipa kazi. Zilikuwa aina mbili, zote za kuvushwa kutoka Kigoma kwa boti. Ya kwanza ilikuwa ya kioo: unalaza karatasi moja, unafunga kifuniko, unangoja. Polepole mno, lakini rangi zote inazichukua kama zilivyo. Ya pili unaijaza karatasi kwa juu kama unavyojaza mahindi kwenye mashine ya kusaga, nayo inazimeza moja baada ya nyingine na kuzitema chini, wewe unakunywa chai.

Mama aliyetunza karatasi za ofisi yetu alitaka ile ya kioo. Alikuwa mkubwa kwangu, na alikuwa amezeeka akipigana na mchwa na maji ya paa.

"Papa, ile ya kukimbia haitaona muzuri," aliniambia mbele ya wenzetu; papa kwetu ni baba, na huitwa hata kijana. "Karatasi za kule zinakuja na mafuta ya samaki, zimekunjwa-kunjwa. Muntu njo anapashwa kuziangalia, moja moja."

"Mama, tukiziangalia moja moja, hao batoto wataoa mbele ya kupata karatasi," nilimjibu. Watu wote wakacheka. Siku zile nilipenda sana kuchekesha watu.

Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Mkuu wa mradi alipenda mambo ya haraka, na mimi nilipenda mkuu wa mradi anipende. Siku sanduku lilipotoka bandarini, nikaijaza mashine karatasi kwa mara ya kwanza, zikaanza kuteremka kwa mlio wake wa frrr, frrr, alipiga makofi. Nikavimba kichwa.

Ndani ya kijitabu cha mashine nikakuta ujanja mmoja. Ukichapa mistari na visanduku vya fomu kwa rangi nyekundu, unaweza kuiamuru mashine isione nyekundu kabisa. Mistari inapotea, yanabaki maandishi ya mtu peke yake, na kompyuta inayasoma bila kuchanganyikiwa. Nilikaa na kile kijitabu mchana kutwa kama mtu aliyepata barua ya mchumba. Fomu zetu zote nikazichapisha kwa nyekundu.

Chini kabisa ya fomu kulikuwa na mstari mdogo: andika kwa biki ya bluu au nyeusi tu. Mstari huo mmoja ulikuwa unairusha fomu kwenye ukurasa wa pili. Nikaufuta. Nani ataandika kwa nyekundu? nilijiuliza, na sikungoja jibu.

Mtu yeyote aliyekaa kwenye dawati la shule zetu angenijibu. Biki nyekundu ni ya mwalimu. Mwanafunzi akionekana nayo anaulizwa kaiiba wapi. Yenye neno la mwisho ni ile nyekundu. Ya bluu ni ya mtu anayejaribu. Mimi mwenyewe niliogopa rangi hiyo miaka yote ya shule, na bado nikausahau woga wangu siku nilipouhitaji.

Furushi la fomu likaja kutoka kijiji kimoja cha mwambao, kupita Mpala. Aliyezijaza alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amefundisha pwani ile ya ziwa maisha yake yote. Akina baba na akina mama wengi waliokuwa kwenye zile fomu walijifunza a, e, i, o, u mbele yake. Na alipopewa kazi ya kuandika majina ya watoto ili serikali iyasome, kazi ya mwisho na ya heshima, alichukua biki aliyoichukua siku zote kwa mambo yasiyorudiwa.

Mashine ilizimeza zote. Kwenye kioo cha kompyuta zilitokea nyeupe kama unga wa muhogo. Hakuna mstari, hakuna jina. Karatasi zenyewe zilikuwa pale, mkono wangu ungezifikia, lakini sikuzitazama. Mashine imeshaona, mimi nione nini tena? Nikazirudisha kwenye katoni, na mbele ya jina la kijiji nikaandika: fomu hazikujazwa.

Maneno mawili tu. Vijiji vya jirani vikapata karatasi zao, kile hakikupata kitu. Watu wakaanza kusema mwalimu aliikalia kazi yao, akala heshima ya bure.

Majuma machache baadaye alikuja mwenyewe, siku mbili ndani ya boti. Shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, jicho moja limeingiwa na mtoto wa jicho, lina wingu. Aliketi mbele ya meza yangu, akatafuta mahali pa kuweka kofia yake, akaiweka juu ya katoni iliyokuwa kando ya kiti.

"Mutoto wangu, wanasema karatasi zetu zilifika tupu."

"Ndiyo, Papa Mwalimu. Mashine haikuona kitu."

"Hata jina moja?"

"Hata moja."

Nikamgeuzia kompyuta. Aliusogeza uso wake karibu kabisa, akazipitia zile kurasa nyeupe kama mtu anayesahihisha, moja, nyingine, nyingine. Kisha akarudi nyuma, akaligusa jicho lake lenye wingu.

"Basi njo macho," alisema. "Biki ilikuwa imeisha wino, na mimi niliendelea kuandika tu. Sikuona. Unisamehe, mutoto wangu. Niliwaharibia kazi."

"Si kitu, Papa," nikamwambia.

Nilimsamehe! Mimi! Nimewahi kusema maneno mabaya maishani, nimetukana watu, lakini hakuna neno linaloniumiza kama hilo la upole.

Akavaa kofia yake, akaondoka. Mama wa karatasi alikuwa amesikiliza yote. Aliinama, akafungua ile katoni, akatoa fomu ya juu.

"Papa, kuja uone."

Mwandiko ulikuwa wima, mwekundu, herufi kubwa zina mikia kama zile za ubaoni. Kila jina lilikuwepo. Hakuna mahali alipokata, hakuna alipofuta. Nilizigeuza karatasi moja moja, na kila moja ilikuwa imejaa.

"Muzee angali mu muji," mama alisema. "Boti yake ni ya kesho asubui. Kimbia."

Kutoka ofisini hadi bandarini ni mwendo wa mguu tu, mtu hafiki hata kuchoka. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nilijipa kazi nyingi: nikabadilisha amri za mashine ichukue rangi zote, nikazipitisha fomu zile upya, kompyuta ikachanganyikiwa na mistari, nikayachapa majina mwenyewe kwa vidole. Moja moja, kama mama alivyosema tangu mwanzo. Nilipomaliza, boti ilikuwa imeshaondoka, na sitasema kwamba sikulijua hilo nilipokuwa nikiandika.

Kwa mkuu nilisema: "Fomu za kile kijiji zimepatikana." Zimepatikana, kama mbuzi aliyepotea akarudi mwenyewe. Akanisifu kwa bidii yangu. Mama aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Ndiyo, zilipatikana," alisema, akayateremsha tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka kiangazi. Wakati wote huo ningeweza kutuma neno. Mabaharia wa boti zile wanabeba salamu kila juma, wanabeba hata kuku. Nilijiambia neno kama hilo halitumwi, linasemwa ana kwa ana. Lilikuwa wazo la heshima sana, na lilinifaa sana.

Karatasi za kuzaliwa zilipokuwa tayari, niliomba nizipeleke mwenyewe. Kwenye mfuko niliweka fomu moja ya mwalimu, ndani ya plastiki isilowe, na biki nyekundu mpya niliyomnunulia. Sijui nilifikiri biki itafanya nini.

Tuliweka meza mbele ya shule. Kijijini walikuwa wameambiwa tu kwamba majina yamepatikana, hawakuambiwa yalikopatikana. Katibu wa chifu aliita majina, wazazi wakaja kutia sahihi kwenye daftari. Wengi waliandika majina yao polepole, wakitoa ulimi, kwa herufi zenye mikia. Niliujua ule mwandiko ulikotoka. Kisha mwalimu mwenyewe akaja, kwa ajili ya mjukuu anayemlea. Nikampa biki ya mezani.

"Hapana," alisema. "Leta ile wino ya kidole."

Mama mmoja kwenye mstari akanieleza, kana kwamba ni jambo la kawaida: "Papa Mwalimu haandike tena. Anasema mukono yake inamudanganya. Barua zetu hatujue tena tutazipeleka kwa nani."

Nikatoa ile fomu kwenye plastiki. Akaishika karibu na jicho lake zima, muda mrefu.

"Hii njo mukono yangu."

"Njo yako, Papa. Uliandika yote. Wino haukuisha. Ni mashine yangu haione nyekundu, na mimi njo niliichagua."

Hakukasirika. Aliniangalia kama mwalimu aliyepata jibu sahihi na sasa analeta swali la pili.

"Ulijua siku gani?"

"Ile siku ulikuja. Zilikuwa mu katoni, pale uliweka kofia."

"Mbele nipande boti, ao nyuma?"

"Mbele," nilisema. Kabla, tena usiku mzima kabla.

Alinirudishia karatasi. Nikatoa biki nyekundu, nikamnyooshea kwa mikono miwili, mpumbavu mimi, nikamwomba aandike jina lake.

"Hiyo ni ya kusahihisha," alisema. "Baki nayo wewe."

Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza mbele ya jina la mjukuu wake, akachukua karatasi ya mtoto na kwenda zake.