Kibuyu Chepesi cha Bartholomew Ngui

Mume wangu, Justus Kitonga, alipofariki, usemaji wa nyumba yetu ulimwangukia mdogo wake, Bartholomew Ngui. Kwetu Ukambani msemaji ana mzigo. Ndiye anayesimama mbele ya wakwe, ndiye anayejibu mafumbo ya wazee, na siku nzima jina la nyumba linakaa mdomoni mwake. Akijikwaa yeye, tumejikwaa sote, hata waliolala kaburini.

Ngui anashona viti vya magari. Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Machakos, na madereva hutoka hata Athi River kumletea viti vilivyopasuka, kwa sababu mshono wake haufumuki. Ni mrefu, mkavu, mcheshi, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Habari moja ya Ngui ilijitembeza sana mjini. Hii nyingine, iliyo bora, naona inahitaji mtu wa kuiandika, nami nilisomeshwa ili niandike.

Nianze na ile mbaya, maana wengi wanaijua nusunusu.

Tulikuwa tumekwenda Kathiani kumwombea mke kijana mmoja wa ukoo wetu. Ilikuwa siku ya ntheo, siku ya mbuzi, ambayo baada yake msichana huhesabiwa kuwa mke wa mtu machoni pa Wakamba. Upande wa kijana hupeleka uki, pombe ya asali, na kuna desturi ambayo haikwepeki: aliyeleta uki huanza yeye kunywa. Kila kibuyu kinachofunguliwa, msemaji hunywa kwanza mbele ya wakwe, waone kwamba hakuna kibaya ndani. Siku hiyo vilifunguliwa vibuyu vingi. Kufika adhuhuri, Ngui alikuwa ameonja kwa niaba ya ukoo mzima.

Alisimama kuomba msichana. Alizungumza vizuri, akataja mababu, akanyoosha mkono, kisha akaomba tupewe dada mkubwa wa bibi harusi. Dada huyo alikuwa ameolewa zamani. Mumewe alikuwa ameketi palepale akitafuna mbavu.

Wiki iliyofuata Ngui alikuja kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

"Mama Munyao, umesikia wanavyoniita sokoni?"

"Nimesikia."

"Wananiita Posa Mbili. Hata mama wa mboga."

"Na utafanya nini?"

"Nitapunguza."

"Kwa nini usiache kabisa, shemeji?"

"Nikiacha wataniambia nimeokoka. Nitasimamishwa kanisani nitoe ushuhuda, na mimi sina ushuhuda. Niko na kiu tu." Akaizungusha kofia. "Mimi naipenda glasi, sikukatalii. Lakini nataka niwe naibeba mimi, isiwe inanibeba."

Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi kwa muda mrefu, na ahadi za wanaume na za wanafunzi nazijua kwa sauti zake. Hii ilikuwa na sauti nyingine. Nilimwandalia chai.

Alichofanya Ngui, sijaona mwanamume mwingine akikifanya. Aliketi akachunguza ni nini hasa alichokuwa akikipenda ndani ya pombe. Aligundua kwamba alipenda ubaridi, ule uchungu kidogo kwenye ulimi, mapovu yanayopanda, na kelele za wenzake Jumamosi. Kulewa kwenyewe, alisema, kulikuwa kama mgeni anayefuatana na rafiki yako. Hukumwalika, na ndiye anayeondoka wa mwisho.

Basi akaanza kumfungia mlango mgeni huyo. Jumamosi alikwenda baa kama kawaida, akaagiza bia moja, akaimimina nusu kwenye glasi, na nusu nyingine akajaza soda baridi ya limau. Rafiki yake wa siku zote, Maundu, muuza vipuri, hakumwacha apumue.

"Ngui, hiyo ni bia ama ni dawa ya mafua?"

"Ni bia inayojua njia ya kurudi nyumbani."

"Wanawake ndio wanakunywa hivyo."

"Na umewahi kuona mwanamke akiokotwa kwenye mtaro? Kunywa yako, ndugu yangu, niache na yangu."

Walicheka wote, naye akacheka. Glasi ilipokwisha aliagiza maji ya tangawizi, akaendelea kupiga domo hadi walipotawanyika. Hakuna aliyemwona akikunja uso. Nyumbani alianza kuchemsha tangawizi mwenyewe. Akatafuta ukwaju wa Mwala, ule mweusi wenye nyama, akauchanganya na asali na ndimu. Michanganyiko mingine ilimshinda. Kuna mmoja uliokuwa na ladha ya sabuni, nao alinipa mimi kwanza.

Mwishoni alirudi kwenye uki wenyewe. Kila mtu hapa anajua kwamba asali na maji ya uvuguvugu, pamoja na tunda kavu la mwatine linalochachusha, vikikaa siku kadhaa karibu na joto hutoa pombe inayoangusha mtu. Ngui aliukamua baada ya usiku mmoja tu, ungali mtamu, mapovu ndiyo kwanza yanaanza. Ndani yake akatia tangawizi na ukwaju ili ulimi upate kazi. Nilionja. Ulikuwa na ukali wa mdomoni usiofika kichwani. Nilimaliza kikombe, na mimi si mnywaji.

Basi mwaka jana mwanangu Munyao, msimamizi katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, alileta msichana nyumbani. Jina lake Mwelu, binti wa Ndolo, mfugaji wa Mwala. Kabla ya kufika kwangu walipita kibandani kwa Ngui kumsalimia, wakanikuta hapo. Kamba ya kiatu cha Mwelu ilikuwa imekatika njiani. Ngui alikivua kiatu mwenyewe mguuni pake, akaishona kamba kwa uzi mwekundu wa viti vya magari, akamrudishia bila kusema neno kubwa. Nilimpenda msichana kwa namna alivyosimama kwa mguu mmoja bila kuona haya.

Siku ya ntheo ilipopangwa, nilijua tuko pabaya. Habari ya Kathiani ilikuwa imefika Mwala kabla yetu. Ngui akinywa uki mkali kila kibuyu kinapofunguliwa, tungerudia aibu ileile, safari hii kwa mwanangu mwenyewe. Akikataa kunywa, wakwe wangeuliza tumeweka nini ndani.

Ngui alikuja na jibu. "Nitawapelekea uki wote mwepesi. Nitakunywa kwanza kila kibuyu kama desturi inavyotaka, na nitasimama wima."

"Shemeji, watasema nyumba ya Kitonga imeleta maji ya watoto. Watasema ni uchoyo."

"Wanaweza kusema."

"Jina la ndugu yako liko hapo."

"Najua liko hapo, Mama Munyao. Ndiyo maana sitaki kuliangusha mara ya pili."

Maundu, ambaye alikuwa anatusindikiza kama mzee wa upande wetu, alinivuta kando. Alikuwa ameficha mtungi wa uki mkali kwenye buti ya gari. "Wakinuna tu, Mwalimu, nitautoa." Mtungi ulisafiri nasi.

Uki mchanga hauna subira. Ukipata joto huendelea kuchachuka, na asubuhi ya Mwala ina jua. Ngui alivitumbukiza vibuyu kwenye ndoo za barafu aliyoinunua kwa muuza samaki. Tulipofika, kina mama wa Mwala walikuwa wamefunga lango wakiimba, kama inavyopasa, na wakatuweka hapo muda mrefu wakidai zawadi. Barafu iliyeyuka. Katikati ya wimbo, kifuniko cha kibuyu kimoja kiliruka, *po*, kikampita mama mmoja sikioni.

Ngui akainama kwa adabu.

"Mama zangu, sisi tuna haya, lakini pombe yetu imeshapiga hodi."

Walicheka hadi lango likafunguka lenyewe.

Ndolo alitupokea. Ni mzee mfupi mwenye macho makali, wa aina ya watu wanaohesabu mbuzi kwa kuwasikia. Tuliketi, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, nami nilijiweka mahali pa kusikia kila neno. Ngui alifungua kibuyu cha kwanza, akamwaga kidogo chini, akanywa, akapitisha. Ndolo akaonja. Akauzungusha mdomoni. Akamtazama Ngui.

"Msemaji, huu ni uki ama ni uji wa mtu aliyetoka hospitali?"

Wazee wakacheka. Nilimwona Maundu akitazama gari. Ngui hakugeuza shingo.

"Ni uki, Mzee. Umekamuliwa ungali msichana. Nimekuja kuomba msichana, nikaona nisilete uki mzee."

"Na ukali wake uko wapi?"

"Ukali nimeuacha Kathiani. Nasikia habari zake mnazo."

Hapo nilishika leso yangu. Hakuna aliyetarajia kwamba angelitaja mwenyewe jina hilo. Kisha kwa upande wetu wanawake ikasikika sauti ya Kalunde, mama yake Ndolo, bibi mkongwe ambaye alikuwa ameonja kimyakimya.

"Ndolo, acha maneno. Ongeza hapa." Alinyoosha kikombe. "Miaka yote mnatengeneza uki wa wanaume, wa kuumiza kichwa. Huu unanyweka. Nesa muno."

Mama yako akisema kitu ni kizuri sana mbele ya wageni, hubishani naye. Vikombe vikazunguka. Kila kibuyu kilipofunguliwa, Ngui alianza kunywa, mbele ya macho ya wote, akaketi tena akiwa yuleyule.

Lakini Ndolo alikuwa bado na lake. Mazungumzo ya mbuzi yalipokwisha, akapiga makofi. Kutoka ndani wakatolewa wasichana, safu nzima, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, wameinama, huwezi kumjua huyu wala yule. Kwa kawaida kijana ndiye anayeitwa kumtambua mchumba wake. Munyao alikuwa amekwisha kuinuka.

"Keti, kijana," alisema Ndolo. "Kwa heshima ya habari za Kathiani, leo msemaji ndiye atakayetuonyesha ni nani anayemwomba."

Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Posa Mbili." Mwala nzima ilikuwa inalijua jina hilo. Kama angekosea, hata mara moja, mwanangu angelibeba hadi kwa wajukuu wake.

Ngui alisimama. Hakuharakisha. Alipita mbele ya safu polepole, mikono mgongoni, kama anayekagua viti kabla ya kuvirudisha kwa mwenyewe. Hakutazama leso. Alitazama chini. Akapita wote, akarudi, akasimama mbele ya msichana mmoja karibu na mwisho.

"Ninayemwomba," alisema, na sauti ile ilifika hadi zizini, "ni Mwelu, binti Ndolo, mjukuu wa Kalunde. Namwombea Munyao wa Kitonga, na simwombei mtu mwingine yeyote. Ni huyu."

Leso ilifunuliwa. Alikuwa Mwelu, anacheka, machozi mashavuni. Miguuni alivaa viatu vyake vya zamani, na kwenye kamba ya mmoja kulikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu wa kushonea viti vya magari. Sikumuuliza kamwe kwa nini alivaa viatu hivyo siku kama ile. Mkaza mwana mwenye akili haulizwi.

Vigelegele vilipanda. Ndolo alimshika Ngui mkono kwa mikono miwili, kitu ambacho wazee hawamfanyii kila mtu. Mambo yote yalikwisha jua lingali juu, bila mtu kulala kwenye nyasi na bila mtu kutafutiwa kiatu. Mtungi wa Maundu ulirudi Machakos kama ulivyokwenda, na yeye mwenyewe aliomba habari zake zisitajwe. Nimezitaja kwa sababu nilitaka zijulikane.

Mwezi haukuisha, Munyao alitoka Mwala na kibuyu kimoja tulichokuwa tumekiacha kule. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na Ndolo anajua adabu. Kilikuwa kimejazwa asali ya mizinga yake mwenyewe hadi shingoni. Nilikipeleka kibandani. Ngui alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha matatu, sindano mdomoni, na Maundu amesimama hapo akinywa tangawizi yake kutoka kwenye kikombe cha bati.

"Mkwe amesema nini?" Ngui aliuliza.

"Amesema ukija kumwona, umtengenezee uki kama uleule. Amesema usiulaze zaidi ya usiku mmoja."

Ngui alitoa sindano mdomoni, akafungua kifuniko, akanusa.

"Amesema msemaji aje," nikaongeza, "na amekutaja kwa jina lako la ubatizo."