Kapteni Aliyeachwa Mlangoni

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Polikarpi Mbonimpa alijua vizuri kwamba huu alijidunga mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Siku ya kwanza Kaijage alipowasha jenereta pale Igurwa na picha ya nyota ikatokea kwenye televisheni, Polikarpi alitakiwa kufanya jambo dogo tu: asome maandishi ya Kiingereza na kuwaambia watu yanasema nini. Lakini aliliona banda limejaa hadi mlangoni, akanogewa. Akakohoa, kisha akasema kama wasemavyo wasimulizi wa Kinyambo kando ya moto:

"Nimefika nikaona!"

Watu wote, wazee kwa vijana, wakaitikia bila kufikiri: "Ona nasi tuone!"

Basi ikawa hadithi. Na kwa watu wa Karagwe hadithi si kitu cha kufunguliwa na kuachwa wazi kama zizi la mtu mvivu. Aliyefungua ndiye afungaye.

Ilikuwa mwaka 1997. Kaijage, mwenye duka, alikuwa amevuka mpaka pale Murongo akaenda hadi Kampala, akarudi na mashine ya gemu pamoja na kaseti moja. Ilikuwa gemu ya vita vya huko angani. Kila Jumamosi alasiri aliziba madirisha ya banda kwa magunia ya kahawa, akakaa mbele ya televisheni na kupiga risasi kwa vidole gumba, huku watu waliolipa kiingilio wakimtazama. Kati ya pigano na pigano yalitokea maandishi, na hapo ndipo alipohitajika Polikarpi.

Polikarpi alizaliwa Songambele, wazazi wake wakiwa wametoka Rwanda. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na siku za kazi alipalilia na kuchuma kahawa katika mashamba ya watu kule Kanoni. Kiingereza alikipata sekondari kabla baba yake hajafariki, na hakukiacha kikaota kutu. Kwa miaka mingi, kila mgeni aliyehubiri kwa Kiingereza katika kanisa la Kilutheri la Igurwa alipitia mdomoni mwake. Alikuwa hapunguzi wala haongezi. Kuna mgeni mmoja aliwahi kuitukana rubisi, pombe ya ndizi, na wanaoinywa, na Polikarpi akayafikisha tusi kwa tusi, ingawa katika safu mbili za mbele walikaa watengenezaji wa rubisi. Kwa hiyo walikuwepo watu ambao wakigombana naye walimkumbusha kwamba baba yake alikuja na mkeka kichwani, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema Polikarpi ni mwongo. Kwa mtu asiye na shamba la ukoo, jina kama hilo ndilo shamba.

Sasa jina hilo alikuwa ameliweka rehani kwa gemu.

Na gemu yenyewe ilimuudhi. Kapteni mmoja anatumwa kwenye nyota ya mbali ambako wachimba madini wamenyamaza ghafla. Anafika, anakuta mazimwi yenye meno ya chuma, anapiga risasi. Mwanzo huo haukuwa mbaya. Lakini katika pigano la tatu mkubwa wa kikosi, yule aliyemlea Kapteni tangu utotoni, anararuliwa mbele ya macho yake, na Kapteni anaruka juu ya maiti na kuendelea na safari.

"Umeona mtu yeyote akimzika?" Polikarpi aliuliza siku hiyo, watu walipokwisha kutoka.

"Mzee Poli, ile ni gemu," alisema Kaijage huku akikunja waya. "Tukianza kuzika, tutapiga risasi saa ngapi?"

"Hata pole hakuna aliyesema. Na wale wachimbaji wameishi kule miaka na miaka. Mimi sijaona mgomba hata mmoja. Wanakula nini?"

"Wanakula chuma. Shika waya upande huo."

Kitu kimoja tu alikikubali, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Alikuwepo Daktari, mwanamke aliyezungumza na Kapteni kwa redio, akimwonya kabla ya kila hatari bila kumdanganya hata mara moja. Watu walimpenda. Redio yake ilipokatika akiwa amefungiwa chumbani, Mama Celestina aliacha kutafuna kahawa.

Mama Celestina alikuwa msimulizi anayejulikana vijiji vyote vya karibu. Alikuja bandani na kigoda chake na kijikapu cha kahawa ya kutafuna, na kila hadithi ilipofika pazuri alimpitishia Polikarpi punje mbili, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni aliyemridhia.

Ikafika Jumamosi ya pigano la mwisho. Watu walisimama hadi nje, wengine wakichungulia kwenye matundu ya magunia. Kaijage alipambana na zimwi kubwa hadi jasho likamtiririka, akafa, akaanza tena, akafa, akaanza tena. Lilipoanguka, banda zima lilipiga vigelegele. Kapteni akatembea hadi kwenye mlango mkubwa wa chuma. Mlango ukafunguka. Gizani kukawaka macho mengi mekundu. Picha ikazimika, yakatokea maneno machache.

Polikarpi aliyasoma kimoyomoyo, akayasoma tena.

"Yanasema, 'Vita ndiyo kwanza vinaanza.'"

"Ehe?" waliitikia watu.

"Ndiyo hivyo. Yanayofuata ni majina ya waliotengeneza."

"Majina ya nini! Kapteni yuko wapi?"

"Mlangoni."

"Na Daktari?"

"Hawakuandika."

Kelele zilizuka. Mmoja alidai arudishiwe kiingilio chake. Mwingine, Melkiory mkata ndizi, alipaza sauti kutoka nyuma: "Mnyarwanda anatuficha! Anataka kumalizia kwao!" Wengine walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Polikarpi kuliko yale maneno.

Mama Celestina aliinua mkono, wakanyamaza.

"Polikarpi mwanangu, nani alifungua hadithi hii?"

"Ni mimi, mama."

"Ulituambia umefika ukaona. Tukakuambia ona nasi tuone. Sasa uliona nini?"

"Niliona hayo niliyowaambia, mama. Zaidi ya hapo sikuoneshwa."

Kaijage alimvuta shati, akamnong'oneza: "Weka mwisho wowote! Sema amemwokoa Daktari, wamerudi, wameoana, wamepewa ng'ombe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Hapa si kanisani."

"Mdomo ni huu huu. Kesho nasimama na mgeni madhabahuni. Nitawaambia nini? Kwamba Jumamosi naongopa, Jumapili nasema kweli?"

Kaijage alisonya, akageuka na kuwatangazia watu mwenyewe: Kapteni alishinda, akaoa, akapewa ng'ombe. Watu walimzomea. Hata Melkiory alimwambia, "Wewe kazi yako vidole, bosi!"

Ndipo Polikarpi alipojaribu kufunga kwa njia pekee ya kweli aliyoiona. Wasimulizi humaliza kwa kusema walipoyaona hayo waliondoka, wakaja kuyasimulia. Akasema: "Nilipomwona Kapteni amesimama mlangoni, macho mekundu yanamtazama, nikaondoka, nikaja kuwaambieni."

"Umefunga mlango," alisema Mama Celestina, "na mtu umemwacha ndani." Akafunika kijikapu chake, akabeba kigoda, akatoka.

Banda lilipobaki tupu, Kaijage alizima jenereta.

"Ipo ya pili," alisema. "Niliiona Kampala, pale pale kwenye duka lile. Sasa niambie kweli, maana kwenye kusema kweli ndipo unapojiona bingwa. Niilete?"

"Usiilete."

"Watu watajaa! Wote wanataka kujua yuko wapi."

"Ndiyo maana wakamwacha mlangoni. Si kwamba hadithi ilikuwa ndefu, Kaijage. Wameikata makusudi ili wewe urudi dukani. Mtu aliyeshindwa kumzika mkubwa wake katika ya kwanza hatamzika katika ya pili. Daktari walimfungia chumbani wakamsahau. Watakupa mazimwi makubwa zaidi, na mlango mwingine."

"Kwa hiyo itauzika," alisema Kaijage, akafunga banda.

Jumapili asubuhi Polikarpi alikwenda kanisani. Njiani watoto wawili walimwamkia, "Shikamoo, mzee Kapteni," wakakimbia. Kanisani aliona vichwa vikiinamiana alipopita.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mzungu mrefu mwenye mafua. Alihubiri juu ya mwana mpotevu, na alihubiri vizuri. Alimtoa kijana nyumbani kwa baba yake, akampeleka kula na nguruwe, akamnyanyua, akamrudisha njiani. Baba akamwona kwa mbali. Hapo mgeni akapiga chafya, akatazama saa yake, akasema sentensi moja, akafunga Biblia na kwenda kuketi.

Polikarpi alibaki peke yake mbele ya watu. Mwisho wa habari ile aliujua, kila mtu mle ndani aliujua, na kuumalizia kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate. Lakini mgeni hakuumaliza.

"Anasema," alitamka polepole, "muda umekwisha, hayo mengine atayaeleza akija tena."

Kanisa lilinguruma. "Tena?" alisema mtu. Kutoka upande wa wanaume, Melkiory akasema kwa sauti ya kusikika: "Jana hivyo hivyo! Huyu anakata maneno ya watu!" Mzee mmoja wa kanisa alisimama, akamtazama Polikarpi kwa macho makali. "Polikarpi, hayo ndiyo aliyosema mgeni? Yote?"

Kabla hajajibu, Mama Celestina alisimama katika safu ya wanawake.

"Mwacheni," alisema. "Jana tulimpigia kelele, mwenye banda akamvuta shati atunge, na hakutunga. Mtu aliyekataa kutuongopea habari ya mazimwi atatuongopea ya Mungu? Kama mgeni ameishia njiani, muulizeni mgeni."

Mzee wa kanisa aliketi. Mgeni, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitabasamu na kupenga kamasi.

Nje, baada ya ibada, Polikarpi alimfuata Mama Celestina kumshukuru. Alimkuta ameketi kwenye nyasi, kijikapu mapajani, anatafuna.

"Ahsante, mama. Umenisitiri."

"Sikukusitiri, nimesema nilichokiona." Hakumpa kahawa. "Lakini bado nakudai Kapteni wangu. Uliyemfungulia hadithi ni mimi."

Barabarani Kaijage alipita kwa baiskeli, amevaa koti la safari, akampungia Polikarpi mkono kwa furaha. Alikuwa anaelekea Murongo, avuke mpaka hadi Kampala.