Fundi Pua na Gari Lililokataa Kulowa

Walimwita Fundi Pua, ingawa pua yake mwenyewe haikuwa na kosa lolote. Jina lilitokana na bomba jeusi alilofunga kwenye kila pikapu iliyoingia gereji kwake. Lilitoka kwenye injini, likapanda ubavuni mwa kioo cha mbele na kuishia juu ya paa, ili injini ivute hewa huko juu hata maji yakifika kwenye taa. Bila pua hiyo, alikuwa akiwaambia wateja, injini inakunywa maji, na injini ikinywa maji hailewi, inakufa.

Alipenda kusema, fundi huyo, lakini mikono yake ilisema zaidi. Aliinua springi, akapandisha ekzosi, akafunga turubai mbele ya rejeta. Mvua kubwa zilipoligeuza bonde lililo kati ya mtaa wao na mjini kuwa ziwa, daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa na wauza maziwa wote walivuka kwa kazi yake.

Na kila mteja, kabla ya kupewa funguo, alisomewa hotuba ile ile. "Ukifika ukingoni, ng'oa vizibo vya sakafuni. Acha maji yaingie, ulowe miguu. Ukiyazuia, gari litaelea, na likielea, usukani unabaki pambo tu. Nimekupa gari, sikukupa mtumbwi."

Mkewe alikuwa ameisikia hotuba hiyo mpaka angeweza kuitoa akiwa usingizini.

Mkewe huyo aliacha shule akiwa binti, mama yake alipougua na wadogo wanne wakabaki mikononi mwake. Akaolewa, akazaa, akasomesha watoto wake watatu. Siku kitinda mimba alipoondoka nyumbani, mama alikwenda dukani akarudi na madaftari sita.

"Ya nani hayo?" mumewe akauliza.

"Ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani?"

"Huyu anayekupikia."

Fundi alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi, kisha akasafisha nusu ya benchi la gereji ili iwe meza ya kusomea. Kwa miaka miwili wateja walizoea kukuta kanuni za sayansi zimeandikwa kwa chaki kwenye milango ya magari yao. Daktari wa mifugo aliwahi kuzunguka mji mzima na kanuni ya mgandamizo wa hewa ubavuni mwa gari lake.

Mwaka wa kwanza mama alifanya mitihani yote isipokuwa ule wa mwisho, wa Sayansi. Asubuhi hiyo bonde lilifurika, na pikapu ya nyumbani ilikuwa juu ya mawe, haina hata magurudumu, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshughulika na za watu. Mama alisimama ukingoni na kalamu zake mbili mpaka saa tatu ikapita. Ukikosa mtihani mmoja, unarudia yote, ndiyo sheria. Alirudi nyumbani, akamwekea mumewe chakula, hakumlaumu hata kwa neno. Fundi angependelea kutukanwa.

Ndipo akala kiapo. "Mama watoto, mwaka ujao utavuka. Tena utaingia chumba cha mtihani na viatu vikavu."

Kuvuka peke yake kungetosha kabisa. Lakini mtu akijisikia ana hatia, hapimi ahadi zake. Alimnunulia viatu vyeusi vya kamba, akaitengeneza ile pikapu mpaka ikasimama juu kwa fahari. Na wiki moja kabla ya mtihani, mlango wa gereji ukiwa umefungwa asionekane na mtu, akachana tyubu kuukuu, akabandika mpira kuzunguka milango yote miwili, akaziba sakafu kwa gundi pamoja na vizibo vyake. Hotuba yake aliikumbuka vizuri sana. Alijiambia tu kwamba bonde ni fupi.

Asubuhi ya mtihani wa Sayansi mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kaka wa mama, seremala, alipanda nyuma na mti mrefu wa kupimia kina.

"Shemeji," akasema, akiupiga mlango kofi, "huu mlango au kifuniko cha sufuria?"

"Shika mti wako," fundi akajibu.

Waliingia majini kwa gia ya kwanza, polepole, kati ya nguzo nyeupe zilizoonyesha kingo za barabara. Maji yakafika kwenye bampa, yakapanda mpaka nusu ya milango. Ndani, hata tone. Mama aliangalia viatu vyake vinavyong'aa, akamwangalia mumewe, na fundi akavimba kichwa.

Kisha mngurumo wa injini ukabadilika. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka bila kushika kitu. Mkia wa gari uliinuka taratibu, ukaanza kugeuka kufuata mkondo, na fundi akazungusha usukani kulia, akazungusha kushoto, gari halina habari naye.

"Shemeji!" kaka akapiga kelele kule nyuma. "Upande huu mti haufiki chini, sisi tumefika wapi?"

Nguzo nyeupe ikaja karibu na kioo kuliko ilivyopaswa. Ng'ambo ya nguzo hizo kulikuwa na mtaro wenye kina cha watu wawili. Fundi alijua la kufanya, alikuwa amewafundisha watu mia. Lakini mkono haukusogea. Alikuwa anaangalia vile viatu.

"Baba watoto," mkewe akasema kwa utulivu, akijiwekea kichwani bahasha yenye kalamu na kitambulisho chake cha mtihani na kuibana kwa kitambaa, "ulinipa gari au ulinipa mtumbwi?"

Akausukuma mlango wake kwa bega, kwa nguvu zake zote.

Maji ya kahawia yakaingia kwa kishindo, yakajaa mpaka kwenye viti. Kufumba na kufumbua mkia ukashuka, magurudumu yakagusa lami, yakashika. Pikapu ikatikisika na kwenda mbele, ikapita nguzo ya mwisho, ikapanda ng'ambo huku ikimwaga maji kila upande. Kaka alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Saa tatu kasoro dakika nne, mama aliingia chumba cha mtihani miguu mitupu, viatu mkononi vikichuruzika.

Fundi alikaa nje juu ya bampa, ameshika tama, akihesabu dakika.

Adhuhuri mkewe akatoka, meno yote nje.

"Swali la mwisho," akasema, "waliuliza kwa nini kitu kizito huelea, na wakataka mfano kutoka maisha ya kila siku."

Kaka akaanza kucheka kabla hajasikia zaidi.

"Ukaandika nini?" fundi akauliza, ingawa alishajua.

"Nikaandika kwamba kuna fundi aliyempenda mkewe mpaka akaziba milango ya gari. Nikachora na mchoro. Wewe nimekuweka kwenye usukani."

"Na mwisho wake? Huyo fundi ukamwacha wapi?"

"Nimeandika kwamba mkewe alifika kwa wakati."

Walipofika tena ukingoni, fundi aliteremka, akalala chali chini ya pikapu, akakwangua gundi na kung'oa vizibo vyote vinne. Ni kazi ya dakika mbili. Yeye alichukua kumi, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Mama alikuwa ameshavifunga viatu kwa kamba zake, kavivaa shingoni, tayari kulowa miguu.