Tope Lililonona

Kila siku maji yakipwa, mama mdogo huchota tope kwa kidole na kulinusa kabla hajagusa kamba anazofugia chaza wake. Wenzake humtania: "Daktari wa matope, mgonjwa anaendeleaje?" Kwa miaka kumi na mmoja amewajibu neno moja tu: "Limenona."

Ndiyo maana alichagua kona hii. Hapa mto hukutana na maji yanayojaa kutoka baharini, yote yakasimama kidogo, na chakula kilichokuwa kikielea kikatua. Chaza wake walinenepa kuliko wa mtu yeyote, na ndio waliotusomesha.

Msimu huu mvua zilikokota mbolea ya mashamba ya juu, nayo ikatua papa hapa. Mwani ukafunika maji, ukafa, ukaoza na kumaliza hewa ya majini. Leo tope lilinuka mayai viza, na chaza wa kamba tatu walikuwa wameachama, wamekufa.

"Limenona mno," alisema, bila kunitazama.

Nilimuuliza kama atawahamishia waliobaki kule nje kwenye mawimbi, ambako chakula ni haba.

"Nitawahamisha leo," alisema. "Watakonda, lakini watakuwa hai."