Zaburi ya 117, Mstari wa Tisa

Kitabu kilicholiwa na mchwa kina harufu yake, harufu ya udongo mbichi na gundi ya zamani, na mtu aliyewahi kufungua sanduku la bati akakutana nayo haisahau. Mimi nilikutana nayo nikiwa darasa la sita katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Nuu, mwaka ule wa miaka ya themanini ambao mvua ilikataa kabisa na tukala mahindi ya manjano ya msaada mpaka tukasahau yetu yalikuwa na ladha gani. Kitabu changu cha nyimbo za kanisa kilikuwa kimebaki jalada na vipande vya kurasa. Nililia kidogo, halafu nikanyamaza, maana wenzangu walikuwa wakililia ng'ombe. Likizo ya Aprili mama alininunulia kingine sokoni Tulia, jalada la bluu lile lile, jina lile lile, na nikamshukuru kwa mikono miwili. Ningejua, ningekikataa palepale mbele ya muuzaji.

Kitabu hicho hakikuwa cha kuimbia tu. Kwangu na kwa Mumbua, mtoto wa jirani yetu kule Tulia ambaye shuleni tulilala kitanda kimoja, kilikuwa ufunguo. Mambo yalianza kwa mchezo. Tulikuwa tukipitishiana vikaratasi darasani ambavyo kila herufi imesogezwa hatua moja, A inakuwa B, M inakuwa N, na mama anageuka kuwa NBNB. Tulijiona werevu kupita walimu wote. Siku moja Mwalimu Kilonzo, wa hesabu, alinasa karatasi ikiwa njiani, nasi tukakunja viganja tukingoja kiboko. Badala yake aliiandika yote ubaoni, akahesabu herufi moja moja kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni. "Hii si lugha ya mashetani," akasema. "Hii ni Kiswahili imevaa koti ya mtu mwingine. Angalieni B ziko ngapi. Kwa Kiswahili ni herufi gani iko kila mahali, hata mkifunga macho?" Darasa zima likaitikia kwamba ni A. Kabla kengele haijalia alikuwa amesoma kwa sauti maoni yetu kuhusu kitambi cha matroni, na nilitamani sakafu inimeze.

Lakini Mwalimu Kilonzo alikuwa mtu wa ajabu. Baba yake alipigana Burma, akabeba ujumbe wa redio asioweza kuusoma yeye mwenyewe, na mwanawe alikua akitaka kujua ulisema nini. Alituambia kwamba mchezo wetu ulichezwa zamani na Kaisari wa Roma, mwenye jina lile lile tulilolisikia kanisani, alipowaandikia majemadari wake. Alituambia kuhusu malkia wa Uskoti aliyekuwa kifungoni, akaandika barua za siri akiamini zimefungwa, kumbe adui zake walizifungua zote, na shingo yake ikakatwa. Akatueleza habari za mashine ya Wajerumani iliyobadilisha herufi kila ilipobonyezwa, na Waingereza waliokesha mpaka wakaivunja, na jinsi vita vilivyogeuka kwa sababu hiyo. Mwishoni akasema kufuli nzuri ni kitabu. Watu wawili wakiwa na kitabu kimoja, mmoja anamwandikia mwenzake namba tu, ukurasa na neno, na asiye na kitabu atahesabu mpaka azeeke. Mumbua alinibana kiwiko. Nilijua anawaza kitabu gani.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Namba ya kwanza ni ya wimbo, ya pili ni ya neno katika ubeti wa kwanza. Ukiandika 43:2, yeyote atadhani ni Zaburi. Matroni, aliyekagua barua na vikaratasi vyetu vyote, alitusifu kwa kupenda Neno. Kisha mwezi wa Machi, kabla mchwa hawajakila kitabu changu, njaa ikazidi. Mama yake Mumbua, mjane aliyebaki na mbuzi wawili, alimtoa shuleni akampeleka Kathonzweni kwa shangazi yake, ambaye aliahidi kumsomesha huko naye amsaidie kulea mtoto mchanga. Asubuhi ya kuondoka Mumbua alinionyesha kitabu chake, amekifunga ndani ya leso. "Shangazi anasoma kila barua kabla iende posta," akaniambia. "Na mama hajui kusoma. Kukiwa na shida nitakuandikia wewe." Nilicheka. Nilimwambia shida yake itakuwa kubadilisha nepi.

Barua ilikuja mwezi wa Juni. Shangazi hajambo, mtoto hajambo, masomo yanaendelea, na chini kabisa: tafakari Zaburi 12:3, 31:6, 43:2, 88:4, 117:9, 130:5. Nilikwenda nyuma ya jiko na kitabu changu kipya, moyo ukidunda kwa furaha ya mchezo. Maneno matatu ya kwanza yalitoka safi: mwambie, mama, aje. Yaliyofuata yalikuwa shangwe, vinanda, asali. Nikaona picha yote. Mtoto wa shangazi anabarikiwa kanisani, kuna karamu, na Mumbua anataka mama yake aje ale vizuri angalau siku moja. Nilimwonea wivu, nakiri. Sisi tulikuwa tunatafuna mahindi ya manjano na yeye anataja asali.

Mwalimu Kilonzo alinikuta hapo. Aliitazama barua nikiwa nimeishika, akainua nyusi. "Zaburi mia moja na kumi na saba iko na mistari miwili tu, Ndinda. Huyu rafiki yako ameona wapi ya tisa?" Nikamweleza kila kitu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliyarudia maneno yale sita kimya kimya. "Shangwe, na njaa hii?" Akaniuliza kama kitabu cha Mumbua ni sawa na changu. Nikasema ndiyo, Mwalimu, ni kile kile. Sikusita hata kidogo. Akatikisa kichwa, akasema bila kitabu kile kile hata yeye ni mjinga kama mimi, basi nimwandikie nimuulize. Nikaandika, kwa namba, nikirudia 88:4 yake, kumuuliza shangwe ni siku gani. Jibu halikuja. Julai ikapita, na kila posta ilipogawiwa nilisimama mstari wa mbele nikarudi mikono mitupu. Nilianza kuogopa bila kujua naogopa nini. Shule ilikuwa na geti, Kathonzweni ilikuwa wilaya nyingine, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye karatasi ya namba.

Tulifunga shule Agosti. Jumapili ya kwanza nyumbani, kanisani Tulia, mzee wa kwaya alitangaza wimbo wa themanini na nane. Nusu ya kanisa ikaanza wimbo wa polepole wa maombi, nusu nyingine ikaanza wa shangwe na makofi. Zikagongana katikati, watoto wakaangua kicheko, hata mchungaji akaficha uso kwa kitambaa. "Ngojeni, ngojeni!" mzee wa kwaya akapaza sauti. "Wa kitabu kipya, fungueni tisini! Wameongeza nyimbo mbili pale baada ya sitini, zote zimesukumwa!" Shuleni tulikuwa tukiimba kwa kichwa, hakuna aliyewahi kutaja namba. Watu wote walikuwa wakicheka, isipokuwa mimi. Barua ilikuwa ndani ya kitabu changu. Nilimnyang'anya bibi aliyeketi kando yangu kitabu chake cha zamani, bila hata kuomba, nikafungua 88, neno la nne. Macho. Nikafungua 117, neno la tisa. Giza. Nikafungua 130, neno la tano. Upesi.

Mama yake Mumbua alikuwa ameketi safu ya tatu. Nilimwendea mbele ya kanisa zima nikamshika mkono. "Ni nini, mwaitu?" akaniuliza, kwa neno lile la Kikamba la 'mama', ambalo kwetu mama humwita nalo kwa heshima hata binti mdogo. Nilipomwambia hakulia. Aliuliza tu barua ilifika lini, nami nikasema Juni, naye akaanza kuhesabu kwa vidole. Kesho yake akaondoka. Waliporudi, Mumbua alikuwa amefungwa machoni leso ile ile aliyofungia kitabu. Shangazi alidhani anajisingizia ili akwepe kazi, kisha akamtia dawa ya majani. Daktari wa hospitali ya Kitui alisema ni kidonda cha mboni, angeletwa mapema dawa ya matone ingetosha. Jicho moja lilikuwa limekufa, la pili liliona mwanga tu. Hapakuwa na kitu cha kufanya, na kila mtu alinihurumia kwa sababu nililia kuliko Mumbua mwenyewe.

Aliponiuliza, miezi baadaye, kwa nini sikumtuma mama, nilimwambia barua yake ilichelewa posta. Akasema posta zetu ni mbaya sana. Hatukuizungumzia tena kwa karibu miaka arobaini.

Siku hizi simu yangu huniarifu kwa maandishi madogo kwamba kila ujumbe ninaotuma umefungwa, hata kampuni inayoubeba haiwezi kuusoma. Mpwa wangu anayesomea kompyuta alinieleza kwamba simu mbili zisizojuana zinaweza kukubaliana ufunguo hadharani, kila mtu akisikia, na bado hakuna atakayeupata. Nilimwomba anieleze mara tatu. Sisi tulilala blanketi moja, na ufunguo wetu ukapotea kwa nyimbo mbili tu. Mumbua naye ana simu inayomsomea ujumbe kwa sauti, huko huko Tulia ambako husuka vikapu vya kiondo na kuongoza kwaya bila kitabu, kwa sababu anazijua nyimbo zote za zamani, namba na beti, kichwani. Mwezi uliopita nilimsimulia maajabu hayo ya mpwa wangu. Alicheka sana. Baadaye uliingia ujumbe wake, namba peke yake: 74:4, 22:1.

Nilitoa kile kitabu cha zamani alichoniachia bibi wa kanisani, nikavaa miwani. Neno la kwanza lilikuwa jibu. La pili: lilifika. Jibu langu la Juni, lile la kuuliza shangwe ni siku gani, lilikuwa limefika Kathonzweni. Mtu alimsomea zile namba, naye akazitafuta kichwani gizani, akakuta namuuliza macho ni siku gani, akajua tangu siku ile kwamba barua yake ninayo mkononi na kwamba sijaielewa. Nina vitabu vyote viwili mbele yangu hapa mezani, na sipati ndani yake neno la kumrudishia.